Mwaka Ambao Mama Alilitaja Jina la Gidabasa

Mzee Sulle amezikwa Jumamosi iliyopita kule Dirma, mvua ikinyesha, na padri mgeni alimwita Suleimani mara mbili kabla katekista hajamvuta kanzu. Nilicheka. Niliinamisha kichwa nikajifunika mtandio usoni ili watu wadhani nalia, na nilikuwa nalia pia, kwa sababu huyo mzee alinilaza kwake mwaka mzima, nikala ugali wake, nikavunja taa yake ya chemli, na siku zote aliniita "binti yangu" bila kuuma meno. Mama yangu alikuja kwa miguu kutoka uwandani. Hakusimama na wanawake wa kwetu. Alisimama upande wa jikoni pamoja na akina mama wa Kiiraqw, bangili za shaba zikiwa zimemjaa mkononi, maji ya mvua yakishuka kwenye sketi yake ya ngozi. Nyuma yangu walikuwa wasichana wawili wa rika langu wakinong'ona.

"Yule mwenye bangili ni nani?"

"Humjui? Ndiye aliyemtaja mkwe wake."

"Mbele za watu?"

"Mbele ya serikali."

"Ee! Na bado anatembea?"

Ndiyo maana naandika. Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu wenye mvi na miwani, waliowahi kusalimiana na gavana. Mimi nina miaka kumi na minane, niko kidato cha nne, na kitu pekee kilichozeeka mwilini mwangu ni viatu. Lakini nikisubiri mvi, wale wasichana wawili watakuwa wameshaimaliza hadithi ya mama yangu kwa namna yao. Sitaanza na nani alimzaa nani. Hayo waulize wazee wetu, watakutajia mpaka jua litue na bado hamjamfikia mtu aliyevaa suruali. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule niliokuwa darasa la saba, trekta za shamba la ngano la serikali zilipofika karibu na nyumbani kwetu.

Mwaka huo nilikaa kwa Mzee Sulle kwa sababu kutoka kwetu mpaka shuleni ni mbali na fisi hawajui ratiba ya masomo. Alikuwa karani wa stoo pale shambani, Mwiraqw wa kutoka milimani Mbulu, mtu wa kanisa, mwenye kalamu mbili mfukoni na moja kati ya hizo haikuandika. Nyumba yao ilikuwa kota ya wafanyakazi: vyumba viwili vya tofali za saruji, bati lisilo na dari, na ukuta wa mbao katikati ambao haukufika juu. Chumba changu kilikuwa nusu chumba na nusu ghala. Nililala kati ya magunia ya mahindi na dumu la dizeli, na mpaka leo nikinusa dizeli nasikia njaa, maana harufu hiyo na ya makande ya Mama Sulle zilikuja pamoja. Jioni tulikula ugali na maziwa ya mgando, au makande yaliyochemka tangu asubuhi mpaka maharage yakakata tamaa. Jumapili kulikuwa na mkate, wa ngano ya pale pale. Mzee Sulle aliukata kwa kisu chembamba, akaomba baraka ndefu mpaka chai ikapoa, na mimi nikaitikia "Amina" mapema ili kumkumbusha. "Shetani mdogo," Mama Sulle alinong'ona, akanipa kipande cha mwisho, kile chenye ganda. Baada ya kula walihamia chumbani kwao, na kwa kuwa ukuta haukufika juu, nilisikia kila kitu: bei ya sukari, magoti ya mzee, nani kafukuzwa kazi, nani kapigwa na walinzi kwa sababu ng'ombe wake walikula ngano.

Hapo ndipo nilipoanza kulisikia jina la kwetu likitumika kama sufuria ya msibani, kila mtu anapikia. Kwetu ni Gidabasa. Ni uwanda wote unaoshuka kutoka miteremko ya mlima Hanang mpaka kwenye ardhi ya chumvi, na ni mtu: baba yake babu yangu, aliyezikwa pale katikati na kujengewa kaburi la heshima, lile tunaloliita bung'eda. Si kila mtu hujengewa. Watu walikuja miezi mingi wakirundika udongo na miti mpaka kikawa kilima, wakanywa pombe ya asali juu yake, na tangu siku hiyo uwanda ukachukua jina lake. Wazee wa kwetu wanapoona nyasi husema "Gidabasa ameota." Ukame ukiingia husema "Gidabasa ametugeuzia mgongo." Waingereza walipochora ramani waliandika Gidda Bassa, maneno mawili, nikadhani walimkuta amelala wakamhesabu mara mbili. Shamba la ngano lilipokuja likapaka jina hilo kwenye ubao wa bati getini, herufi nyekundu, na timu ya mpira ya mafundi wa karakana ikaitwa Gidabasa, ikafungwa kila Jumapili, watu wakisema "Gidabasa kalala tena" bila kujua wanasema ukweli. Katekista alitaka kigango chake kiitwe kwa jina la mtakatifu, waumini wakakubali, kisha wakaendelea kusema wanakwenda kusali Gidabasa. Mijini, kule Katesh na Babati, ukiwa mshamba unaitwa Gidabasa. Shuleni mvulana mmoja mtoto wa mhasibu aliniita hivyo, nikamwambia asante, maana babu wa babu yake hajulikani hata na mbwa. Na kwenye benchi la wagonjwa kule Haydom, ambako watu wetu hushuka na basi wakiwa na mkono umefungwa kwa khanga, kulikuwa na swali ambalo wagonjwa waliulizana wao kwa wao: "Umeanguka, au umetoka Gidabasa?" Maana yake, au umepigwa na walinzi wa shamba. Mtu alijibu tu "Gidabasa," na wenzake wakasogea apate kukaa.

Nyumbani kwetu mtu mmoja tu hakuwahi kulisema, naye ni mama. Kwetu, mwanamke akiolewa hafungui mdomo kwa jina la baba mkwe, wala la baba yake huyo, wala la waliomtangulia, na si jina tu bali hata maneno yanayofanana nalo. Wanawake wana maneno yao mengine ya kupitia pembeni, lugha nzima, na msichana akiolewa hufundishwa kama vile mimi nilivyofundishwa jedwali la kuzidisha, ila wao hawasahau. Mama alikwenda mbali zaidi: hata Kiswahili chake kilikuwa na mashimo. Hakusema Basotu, alisema "kule ziwani." Hakusema basi, alisema "gari la watu wengi." Uwanda wetu aliuita "kwa Mwenyewe." Siku za mnada alikuja kwenye kota na kibuyu cha samli, akakaa kwenye kigoda cha Mama Sulle, na mimi nilijaribu kumtega.

"Mama, ule ubao wa getini umeandikwa nini?"

"Umeandikwa kwamba wewe ni mjinga."

"Mama, timu gani imefungwa jana?"

"Timu ya baba yako. Nyamaza."

Mama Sulle alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye alikuwa Mkristo, na yeye alimwita mkwe wake kwa jina na kwa matusi. "Mama Udagale," alimwambia mama yangu, kwa kuwa mimi ndiye Udagale, "hivi ukilisema kitatokea nini? Mdomo utaanguka?" Mama alifuta mikono yake kwenye sketi. Akasema kwa Kiswahili chake, polepole: "Mdomo hauanguki. Unageuka. Unawaangalia watoto wako." Kisha akaomba chumvi.

Habari yenyewe niliisikia juu ya ule ukuta, jioni moja mwanzoni mwa mwaka, sahani hazijakauka. Mzee Sulle alikuwa anavua viatu. Alisema meneja ameamuru kipande cha chini kilimwe kabla ya mvua za kupanda, chote, mpaka kwenye chumvi.

"Si kuna kaburi la akina Udagale pale?" Mama Sulle akauliza.

"Nimemwambia. Anasema ni kichuguu."

"Kichuguu cha ukubwa ule?"

"Anasema mchwa wa huku wana bidii."

Alisema hivyo bila kucheka, na Mama Sulle hakucheka, na mimi niliyecheka hata kanisani nililala kwenye magunia yangu nikiwa nimeuma shuka. Jumamosi niliondoka kukiwa bado na ukungu nikaenda nyumbani. Mama alikuwa uani anasafisha vibuyu vya maziwa kwa kijiti chenye moto, moshi ukipanda mbele ya uso wake. Nilimweleza yote, na maneno ya mchwa nikayasema kwa sauti ya meneja, kwa mazoea tu, kwa kuwa mimi naigiza kila mtu. Aligeuza kibuyu, akakitikisa, majivu yakatoka. Baba hakuwepo, alikuwa ameshuka na ng'ombe kuelekea Singida kutafuta malisho, kama nusu ya wanaume wa kwetu, na tulipata habari zake kupitia watu waliopata habari zake. Mwisho mama akauliza, "Nani atawaambia?" Nikamwambia wazee wapo. "Wazee," akasema, kama mtu anayeonja maziwa yaliyokaa sana.

Alikuwa sahihi. Wazee wa ukoo walikwenda wilayani, wakarudi, wakaenda tena, na baada ya wiki kadhaa kamati ikaja kutoka mkoani kusikiliza, ikaweka meza kwenye darasa letu. Siku ya kwanza walisikiliza wanaume. Hapo mambo yakaharibika, kwa sababu wanaume waliona bahati imefunguka, kila mmoja akataja kaburi la kwao. Walitaja makaburi mashariki, wakataja magharibi, mmoja akataja chini ya choo cha karakana. Si kwamba walidanganya wote. Uwanda ule umelaza watu wengi. Lakini jioni Mzee Sulle, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani, alirudi akakaa mbele ya makande bila kula, akamwambia mkewe kwamba mwenyekiti amechoka, na amesema kesho atasikiliza mtu mmoja tu: yule anayeishi jirani na hicho kilima. Wengine wamekwisha kufundishana.

"Anayeishi pale si mama yake huyu?" Mama Sulle alisema.

"Ndiye."

"Na watamuuliza nini?"

"Watamuuliza aliyezikwa ni nani," Mzee Sulle akajibu.

Asubuhi mama, aliyeitwa usiku ule ule, alipita kwanza kota. Alikuwa amejipaka samli upya, na shaba zake amezisugua kwa mchanga. Mama Sulle alimpa chai na mkate, akaketi karibu naye magoti yakigusana. Alimwambia aseme tu. Mungu hasikii majina ya wakwe, ana kazi nyingi. Mama hakuugusa mkate. "Wewe," akamwambia, "wakikuambia utukane kanisani mbele ya padri wako, ndipo wakuachie kanisa, utatukana?" Mama Sulle akamwongezea chai. Mama akaendelea: "Na ukitukana, hiyo Jumapili utaingiaje?" Nimelifikiria swali hilo tangu wakati huo, katika vipindi vya Siasa hasa, na sijapata jibu.

Mwalimu mkuu alikuwa amechagua wanafunzi wa kuwahudumia wageni, na mimi nilipewa birika, labda kwa sababu mtu mwenye birika la moto hawezi kufanya utundu. Kwa hiyo nilikuwa ndani. Wajumbe walikaa kwenye madawati yetu, magoti yamegusa vidari, wakakata mkate ule ule wa shamba. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mpole mwenye leso, mgeni wa pande hizi, na nasema mpole kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Meneja alisimama dirishani na kofia mkononi. Wazee watatu wa ukoo wa baba walikaa nyuma, wamejifunga mashuka, fimbo katikati ya miguu. Mama alikaa mbele kwenye kiti cha mwalimu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukalia kiti chenye mgongo, hakuuegemea.

"Mama, pole na safari," mwenyekiti alianza. "Tunaambiwa pale kwako pana kaburi. Bwana meneja anasema ni kichuguu. Sisi tunataka ukweli tu. Kama ni kaburi, amezikwa nani?"

Mzee Sulle akatafsiri. Mama akajibu kwa lugha yetu: baba yake baba wa mume wangu.

"Jina lake?"

"Mwenye uwanda," mama akasema.

"Anasema Gidabasa," akasema Mzee Sulle, akiangalia kalamu zake.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Bwana mkalimani, lugha yenu siijui, lakini masikio ninayo. Jana nimelisikia hilo jina siku nzima. Sasa hivi halikutoka mdomoni mwake."

Mzee Sulle akasimama. Alieleza mila yote, vizuri, kama mtu anayesoma somo kanisani: mkwe, heshima, maneno ya pembeni. Jasho lilimtoka, kwa maana meneja alikuwa bosi wake na alikuwa amesimama pale pale. Meneja akasema, "Mheshimiwa, jana makaburi yalikuwa mpaka chooni, leo mashahidi hawana midomo." Wajumbe wawili wakacheka. Mzee mmoja wa ukoo akapiga fimbo chini, akasema kwa Kiswahili, "Sisi tumemtaja! Tumemtaja jana!"

"Ninyi mmetaja wazee wengi kuliko miti," mwenyekiti akamjibu. "Huyu ameolewa pale, amezaa pale. Kama hawezi kunitajia aliyezikwa mlangoni kwake, mimi mkoani nitawaambia nini? Niwaambie ni mila? Wataniuliza, mila hiyo inalimwa wapi?"

"Ni Gidabasa!" nikasema. "Kila mtu anajua, hata ubao wa getini—"

"Mwanafunzi. Mimina chai."

Nikamimina chai. Mama alikuwa ameangalia mikono yake. Alizungusha bangili moja, akaizungusha tena. Kisha akamwita Mzee Sulle kwa kidole, akamwambia jambo, naye akageuka kwa wale wazee watatu akasema kwa unyenyekevu, "Anaomba mtoke nje." Hawakuuliza kwa nini. Waliinuka, wakapita karibu naye mmoja mmoja, wamegeuza nyuso ukutani, kama watu wanaopita mahali ambapo mtu anaoga. Mimi nilijua hilo lilimaanisha nini, nikaweka birika chini nami nitoke. Mama akasema, "Wewe baki. Ni lazima mmoja wenu ajue aliyelitaja ni nani."

Akalisema. Lilitoka silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma ubaoni, na alilikosea kidogo mkazo, kwa sababu tangu aolewe ulimi wake haukuwahi kulipita. Jina ambalo wachezaji wa mpira walilivaa mgongoni, ambalo mtoto wa mhasibu alinirushia, ambalo nilikuwa nimelitumia kumchokoza mama mwenyewe nikiwa nimejaa mkate. Mzee Sulle alikuwa amefumba macho.

"Sauti, mama," akasema mwenyekiti kwa upole. "Mwandishi hakusikia."

Akalisema tena.

"Asante sana. Tumalizie chai."

Walikubali. Huo ndio ushindi wetu, na uandikwe. Kamati iliamuru kilima kisilimwe, pamoja na upana wa zizi kukizunguka. Trekta zikaja na plau zao, zikaugeuza uwanda wote, mitaro yao ikapinda pale tu, na ngano ilipoota kaburi la mzee likabaki kama kichwa cha mtu anayezama. Njia ya kulifikia hakuna aliyeiuliza, na hakuna aliyeitoa. Ukikanyaga ngano unakamatwa. Huwezi kufika bila kukanyaga ngano. Mzee Sulle alihamishwa stoo akapelekwa kuhesabu magunia juani. Wanawake wa kwetu nao walikutana chini ya mti wao, na fimbo zao, wakamwita mama. Wanaume hawasogei baraza hilo, na wasichana hatuingii, kwa hiyo nilikaa mbali nikaona tu migongo. Walimtoza mtamba mweusi. Alimtoa siku hiyo hiyo. Hakujitetea, na nadhani hilo liliwaudhi zaidi, maana mtu asiyejitetea huwezi kumsamehe, unamtazama tu. Mtamba akaliwa, mambo yakaisha, na hayakuisha. Alipofika kisimani waliokuwa wanacheka walimaliza kucheka. Wasichana waliolewa wakapelekwa kwa wengine kufundishwa maneno ya pembeni, ingawa katika uwanda wote hakuna aliyeyajua kama yeye.

Siku hizi nikirudi likizo napita barabarani nakitazama kile kilima. Kila msimu dereva hukata kidogo, si kwa ubaya, ni kwamba kupinda na plau kunachosha. Ule upana wa zizi umekwisha zamani. Sasa plau inagusa udongo wenyewe. Wale wasichana wa msibani wakiniuliza kama ilifaa, nitawaambia sijui, na nitafanya mzaha, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Lakini kuna siku moja sijawahi kuifanyia mzaha. Ilikuwa mwezi wa mavuno wa mwaka ule ule, mashine za kuvunia zimeshapita kwetu na zimehamia ng'ambo, zinanguruma kwa mbali kama ng'ombe wasio na mwenyewe. Ngano ikishakatwa hakuna cha kukanyaga ila mabua, mama akasema twende. Tulibeba maziwa kwenye kibuyu kidogo na tumbaku kidogo. Mabua yalituchoma vifundoni. Tulipofika karibu, pale mitaro ilipopinda, mama akasimama, kisha akakaa chini.

"Nenda wewe."

"Na wewe?"

"Ningeingiaje?" akasema. "Nenda. Umwite vizuri, wewe unaruhusiwa. Mwambie aliyemtaja ni mimi, si watoto. Kama ana neno, anitafute mimi."

Nilipanda. Juu kulikuwa na nyasi ndefu, nyasi pekee zilizobaki mpaka upeo wa macho, na mavi ya sungura. Nilimwaga maziwa, nikaweka tumbaku. Nikamwita mzee kwa jina lake. Nilitaka kusema maneno ya heshima na sikuwa nayo, nilikuwa na maneno ya darasani tu, nikamweleza kwa hayo: kwamba mama yangu yuko pale chini, kwamba waliuliza, kwamba alilisema mara mbili kwa sababu mwandishi hakusikia. Upepo ulilaza nyasi ukaziinua. Nikashuka.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwita kwa jina?"

"Ndiyo."

Mama aliangalia mabua. "Liseme," akasema. "Nilisikie likitoka mahali pake."

Nikalisema. Alifumba macho, mdomo umebana, kama mgonjwa anayebandikwa kitambaa cha maji. Nikadhani imetosha. "Tena," akasema, akainuka, akanishika bega, tukaanza kurudi, mimi mbele nikilisema na yeye nyuma akisikiliza, mpaka tukafika barabarani ambako mlinzi wa shamba alikuwa ameshuka kwenye baiskeli yake, ameshika fimbo, anatungoja.